Tiki tiki ya asubuhi: nilivyochonga flenji ya manifoldi kwa mkono

Ilianza kama cherehani. Asubuhi nikiwasha pikapu, kabla injini haijashika moto, nasikia tiki tiki tiki kule mbele, nikifika Mafiati imenyamaza yenyewe, nikawa najiambia hizo ni tapeti tu, nitaziweka sawa nikipata nafasi. Nimeishi na hiyo sauti karibu miezi miwili. Na kwa kuwa huku kwetu injini zote zinalalamika kidogo, Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, gari likipungua nguvu kwenye kilima mtu anasingizia mlima na maisha yanaendelea.

Af ikaja safari ya Tukuyu. Ilikuwa mwezi wa saba, wenye kuijua baridi ya mwezi wa saba hapa wananielewa, tuko ndani ya kabini na mke wangu, mtoto wa miaka 5 na mama mkwe, vioo tumepandisha mpaka juu, hita nimefungulia kwa sababu mama alikuwa anatetemeka. Tumepita Uyole vizuri, tunapanda kuelekea Isongole ukungu umeshuka mpaka barabarani, mtoto akasema baba kichwa kinauma. Nikamwambia lala kidogo. Baada ya dakika chache akatapika. Mama mkwe naye akasema, "Baba, hata mimi naona kizunguzungu, nilidhani ni hizi kona." Hapo nikasimama, nikafungua milango yote minne, tukashuka tukasimama pembeni kwenye baridi lile tumejifunika vitenge na koti langu, na kama robo saa hivi mtoto akaanza kuuliza habari za ndizi. Tulimaliza safari vioo viko chini, watu wanatetemeka, hakuna anayeongea.

Kule Tukuyu shemeji yangu ambaye ni nesi alisikiliza hadithi nzima akauliza swali moja tu: "Shem, gari lenu linavuja moshi?"

Nataka nilieleze hili vizuri kwa sababu ndo lililonifanya nishike tupa. Moshi wa injini ya petroli una hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, ile harufu unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyochanganyika humo. Hii hewa ikiingia kwenye damu inashikana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua kabisa lakini mwili unakosa hewa. Kichwa, kichefuchefu, usingizi, na mtu akilala nao ndani ya gari lililofungwa anaweza asiamke. Kwa watu wa Dar wanaotembea na vioo wazi kwa sababu ya joto uvujaji mdogo wa mbele unaweza usionekane kabisa. Sisi wa Mbeya, Makete, Njombe, Mafinga, tunaofunga vioo nusu ya mwaka, huo uvujaji unakuja kukaa nasi ndani ya kabini. Na hita inavuta hewa yake kutoka nje, pale chini ya kioo cha mbele, nyuma tu ya boneti. Yani ukiwasha hita unajipulizia.

Nilivyorudi nikafungua ile kava ya bati inayofunika manifoldi ya ekzosti, lile chuma linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda zote, na tochi nikaona. Ufa mweusi unaanzia kwenye tundu la stadi ya mwisho, zile bolti zisizo na kichwa zinazoifunga manifoldi kwenye injini, upande wa silinda ya nne, unatembea mpaka kwenye shingo ya bomba, na pembeni yake masizi yamejichora kama manyoya. Injini ikiwa ya baridi ufa uko wazi, moshi unapiga tiki tiki, chuma kikipata moto kinatanuka ufa unajibana, sauti inapotea. Kupotea kwa sauti ndo kulikonidanganya miezi miwili. Sauti inapotea lakini moshi haujaacha kupita, hasa unapopanda mlima injini imebeba.

Nikapeleka kuchomelea. Ikapasuka baada ya wiki. Nikapeleka kwa mwingine, ikapasuka pembeni ya weldi. Mara ya tatu fundi akatumia vijiti vya nikeli vya bei, akapasha moto kwanza kwenye jiko la mkaa kama inavyotakiwa, nikamaliza mwezi na nusu, ikaachia tena palepale. Simlaumu hata mmoja wao. Manifoldi nyingi za zamani ni za kasti, chuma cha kumimina, kina kaboni kuanzia kama asilimia 2 mpaka 4, wakati chuma laini cha kawaida kaboni yake ni sehemu ndogo tu ya asilimia moja. Ukichomelea kasti, pale pembeni ya weldi panapoa haraka na panakuwa pagumu na pakavu kama sahani ya udongo, na kasti iliyopikwa na moshi miaka 20 na zaidi imeshachoka yenyewe. Nikatafuta ya mtumba kuanzia kwenye maduka ya spea ya Mwanjelwa mpaka kwa wanaobomoa magari, nikapata mbili. Zote mbili zina ufa, na zote mbili unaanzia kwenye tundu la mwisho.

Hapo nikaanza kujiuliza kwa nini palepale.

Aliyenijibu ni mzee mmoja jirani yetu kule Iyunga, zamani alifanya kazi kiwanda cha zana za kilimo hapa Mbeya, sasa hivi ana kibanda chake cha kunoa na kuchonga vitu vidogo vidogo. Nilimpelekea manifoldi, nikamwamkia, akaipokea kwa mikono miwili akaigeuza, hakuangalia ufa kabisa. Aliingiza kidole kwenye lile tundu la mwisho. Akasema, "Mwanangu, nani amelibana hili?" Nikakumbuka, miaka ya nyuma stadi ya pale ilikatika, fundi mmoja akatoboa akaweka bolti nene kuliko tundu linavyotaka, ikaingia kwa kugongwa na nyundo. Mzee akasema basi huo ndo ugonjwa. Chuma kinataka kutembea, wewe umekipiga msumari.

Na hesabu yake ukiipiga inatoka kabisa. Chuma kinatanuka kama sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Flenji ya injini yangu, yani lile bamba la manifoldi linalofungwa kwa stadi, ina urefu wa karibu milimita 400. Tuseme asubuhi ni nyuzi 20 na safarini ikafika nyuzi 400, imeongezeka urefu kama mm 1.8. Hedi ya aluminiamu, kile kichwa cha injini ambacho manifoldi inafungwa, inatanuka zaidi kwa asili yake, sehemu 23 katika milioni, lakini yenyewe inapozwa na maji, haivuki sana nyuzi 90, kwa hiyo inaongezeka kama mm 0.6 tu. Tofauti yao ni zaidi kidogo ya milimita moja, ukiigawa kwa pande mbili kila mwisho unataka kuteleza kama mm 0.6. Sasa stadi ya mm 8 kwenye tundu la mm 9 ina nafasi ya nusu milimita kila upande. Haitoshi! Na hapo bado stadi iwe imesimama katikati ya tundu kabisa, jambo ambalo halitokei. Ukiweka bolti iliyojaa tundu ndo umemaliza, kila asubuhi na kila jioni unaipinda ile kasti kidogo, kidogo, mpaka siku inasema basi.

Kwa hiyo wazo la kuchonga flenji yangu mwenyewe halikuja kwa sababu ya ubahili, lilikuja nilipoona kwamba hata nikipata manifoldi mpya kabisa kutoka dukani nikaifunga vile vile itapasuka vile vile. Bomba la kupinda kila mtu anaweza. Flenji ndo kazi yenyewe, lile bamba linalokaa kati ya bomba na hedi, likikosea uso au tundu hakuna gasketi ya kukuokoa.

Kwanza nikatoa stadi zilizokatika. Mbili zilikuwa zimekatikia ndani. Moja ilikuwa na kisiki kidogo nje, tukachomelea nati juu yake, ikiwa bado ya moto tukagusisha mshumaa, nta ikaingia kwenye nyuzi zake kama maji kwenye mchanga, spana ikazunguka. Ya pili ilikuwa imezama kabisa, tulitoboa katikati taratibu tukianza na biti ndogo, na hiyo peke yake ilikula asubuhi nzima.

Af kielelezo. Hapa wengi wanakosea, na mimi ningekosea kama si mzee. Unachukua gasketi mpya unaiweka juu ya bamba unachora. Tatizo ni kwamba matundu ya gasketi yanakatwa makubwa kuliko poti zenyewe, yale matundu ya hedi yanayotoa moshi, na gasketi nyingine zinauzwa kwa injini mbili tatu zinazofanana, kwa hiyo ukichora kwa gasketi unapata ngazi, moshi unatoka kwenye poti unagonga ukingo. Mzee alinituma nikanunue karatasi ya manila. Tukaibana kwenye uso wa hedi, stadi zimetoboa zenyewe zikatokea, af akapaka dole gumba masizi yaliyochanganyika na oili chafu, akaanza kupitisha dole juu ya karatasi kwenye kila poti, kwa kubonyeza. Kila ukingo wa poti ukatokea, mstari mweusi mwembamba kama umechorwa na kalamu. Nilikaa naangalia ile karatasi kwa muda. Poti zote nne unazidhani sawa, lakini ya pili ilikuwa imeegemea juu karibu milimita nzima kuliko wenzake, ndivyo kiwanda kilivyoimimina, na gasketi haiwezi kukwambia hilo.

Umbali kati ya stadi na stadi usiuamini kwa karatasi peke yake, karatasi inanyonya unyevu inavutika. Nilipima kwa kalipa, kutoka ubavu wa ndani wa stadi moja mpaka ubavu wa ndani wa nyingine, nikajumlisha unene wa stadi moja, hapo unapata katikati mpaka katikati. Nikakata kwanza nakala ya bati jembamba, nikalivalisha kwenye stadi zote saba. Stadi sita zikaingia, ya saba ikagoma. Bati limeharibika, gharama yake ni ndogo, ningekuwa nimetoboa bamba lenyewe ningelia. Nakala ya pili ikaingia yote.

Bamba nililipata kwa wauza chuma chakavu, lilikuwa kitako cha nguzo ya banda lililobomolewa, unene mm 12. Chini ya mm 10 sikushauri, bamba la mm 6 weldi inalikunja kama chapati ya moto. Kipande cha sentimita 42 kwa 10 hivi, kinafika karibu kilo 4, wenyewe wanakuuzia kwa kupima. Kuna watu wanapenda chuma kisichoshika kutu, kinapendeza, ila kinatanuka zaidi ya chuma cha kawaida, sehemu kama 17 katika milioni, kwa hiyo ukikitumia ujue nafasi ya stadi inabidi iongezeke. Mimi nilibaki na chuma laini.

Sasa kukata poti. Siku hizi ukiwa na mchoro wa kompyuta unaweza kukatiwa kwa leza ukapokea kwa basi, na kama una haraka fanya hivyo, ni kazi safi. Mimi nilitaka kuifanya hapa. Karatasi nikaibandika juu ya bamba kwa gundi, nikapiga panchi kwenye kila kituo cha stadi, nikatoboa hayo kwanza, nikavalisha bamba kwenye hedi kuhakikisha. Af ndani ya mstari wa kila poti, nikapiga panchi mduara mzima na kutoboa vijitundu vya mm 6 vinavyokaribiana, nikiacha milimita moja na nusu kati ya ukingo wa kijitundu na mstari, kila poti vijitundu kama 20. Oili kwenye biti muda wote, mwendo wa polepole, ukisikia biti inalia simama. Nilivunja biti 3. Umeme ukakatika nikiwa poti ya tatu, ukarudi kesho yake saa nane mchana, kwa hiyo hiyo jioni tukaanza kugonga na tindo vile vilivyokwisha, kiini kikadondoka chini kikalia ngaa, na mzee akanipa tupa ya mgongo wa nusu mviringo.

Niseme tu kuhusu tupa kidogo. Mi nilikuwa napiga tupa kama mtu anayekata mkate, mbele nyuma mbele nyuma. Mzee akanishika kiwiko. Tupa inakata ikienda mbele tu, ukirudi unyanyue, ukiivuta na uzito unayaua meno yake. Kabla ya kuanza akaipaka chaki yote, ile chaki ya shule nyeupe, akasema unga wa chuma usishike kwenye meno, maana punje moja ikishika inachora mfereji kwenye kazi na mfereji huo ndo njia ya moshi. Kila baada ya dakika chache brashi ya waya, chaki tena. Na mwili unausukuma kutoka kwenye goti, mkono unaongoza tu. Kwa siku mbili nilikuwa kwenye jiliwa lake kuanzia saa tatu mpaka jua linakwenda kuzama nyuma ya Mbalizi, mabega yanawaka, na poti ya nne ilitoka nzuri kuliko ya kwanza mpaka nikarudi kuirekebisha ya kwanza.

Mabomba siongei mengi, ni vipande vya bomba jeusi lenye unene wa mm 2 na ushee, midomo tumeibana kidogo kwenye jiliwa iwe na umbo la yai kama poti. Ila moja ulishike hata kama unasoma haraka: usitumie bomba la maji lililopakwa zinki. Zinki inachemka kama nyuzi 907 na weldi ina joto kubwa kuliko hapo, ule moshi mweupe unaotoka ukiuvuta usiku unapata homa na kutetemeka kama malaria. Nimeona kijana gereji analazwa akidhaniwa ana malaria na kutwa nzima alikuwa anachomelea mabomba ya aina hiyo chumbani.

Kwenye kuchomelea nilipoteza flenji ya kwanza. Ndiyo, kazi yote ile ya tupa. Nilimpelekea mchomeleaji mmoja mjini, mikono yake mizuri sana, mstari unatoka kama mnyororo, lakini alichomelea bamba likiwa huru juu ya meza, bomba la kwanza mpaka la nne bila kupumzika. Weldi ikipoa inasinyaa, na yote ilikuwa upande mmoja, kwa hiyo bamba likajivuta kama upinde. Nikaliweka kwenye kioo, kwenye miisho fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, zimepita zote nilizonazo, nikapima kwa biti ya drili, karibu mm 3. Kwa mm 3 huwezi kupiga msasa, ukijaribu kulivuta kwa nati unapasua hedi. Nilirudi kwa mzee nimebeba ile kitu sina la kusema. Akaitundika ukutani kwenye msumari, akasema kielelezo si bado tunacho? Kesho njoo mapema.

Ya pili ilikwenda haraka maana mikono ilishajua. Safari hii nikanunua hedi mbovu ya injini ileile kwa chuma chakavu, imepasuka kati ya vali, haifai kwa gari lakini uso wa ekzosti ni mzima. Tukaifunga flenji kwenye hiyo hedi kwa nati zote saba, zimekazwa, ndo tukachomelea ikiwa imefungwa. Nukta nne kwanza kwa kila bomba, af kipande kifupi bomba la kwanza, kipande kifupi la tatu, la pili, la nne, unarudi, unasubiri mpaka mkono uweze kukaribia, unaendelea. Bomba tuliliacha limerudi ndani milimita mbili kutoka kwenye uso wa flenji ili weldi nyingine ipigwe kwa ndani na isizidi uso, na hiyo tuliipiga baada ya nukta, flenji tukiwa tumeifungua kwanza, af tukaikaza tena kwenye hedi ndo tukaendelea na ya nje. Hiyo ya ndani ndo inayoziba, ya nje inashika. Tulivyomaliza hatukufungua. Ililala imefungwa kwenye hedi mpaka asubuhi, na baridi ya Mbeya ikafanya kazi yake taratibu.

Asubuhi ilikuwa imepinda kidogo tu, fila ya mm 0.3 ilipita katikati. Hapo ndo kuna kitu nilichokipenda kuliko vyote. Mzee alitoa kipande cha kioo kinene cha dukani, akawasha kibatari, akapitisha kioo juu ya mwali mpaka kikapata masizi mepesi, sawasawa, rangi ya kijivu. Tukalaza uso wa flenji juu ya kioo, tukausogeza kidogo tu mara mbili, tukainua. Penye mwinuko pamepata weusi, penye bonde pamebaki peupe. Unapiga tupa pale penye weusi peke yake, mikwaruzo michache, unafuta, unapaka tena, unalaza tena. Mwanzo weusi ulikuwa miisho miwili tu. Baada ya mara kumi hivi ukaanza kutokea na kuzunguka poti ya pili. Baada ya mara thelathini na kitu ulikuwa umezunguka poti zote nne, mduara mzima bila kukatika, na hapo tukamalizia kwa msasa uliolazwa juu ya kioo. Fila ya mm 0.05 haikupita popote. Mzee akanipa mkono. "Ndaga fijo," nikamwambia, na mi si Mnyakyusa lakini hiyo ndo shukrani iliyokuja mdomoni.

Matundu ya stadi sasa. Yale ya katikati tuliyaacha mm 8.5, yanashika flenji isihame. Yanayofuata mm 9.5. Ya miisho miwili tukayapiga tupa yakawa marefu kwa upande, kama jicho, mm 8.5 kwa juu na chini lakini mm 11 kwa urefu wa flenji, na washa nene juu yake. Wapo wanaokata kabisa flenji kati ya poti na poti baada ya kuchomelea ili kila kipande kitembee peke yake, inafanya kazi, ila mi sikuona haja.

Kufunga: gasketi mpya, stadi mpya zimepakwa grisi ya kopa, unaanza kukaza nati ya katikati unakwenda nje kulia na kushoto, mara tatu, kila mara unaongeza kidogo. Ukianzia pembeni unaweza kuacha mwanya katikati. Unawasha, unaacha ipate moto, unazima, ikipoa kabisa unakaza tena. Nilirudia hivyo siku tatu.

Kujua kama inavuja usisikilize kwa sikio tu. Injini ikiwa ya baridi na imezimwa, puliza hewa kidogo kwa kompresa kupitia bomba la nyuma, kidogo sana, umeziba pembeni kwa kitambaa, af pitisha povu la sabuni kwenye flenji yote kwa brashi. Povu likitulia uko salama. Na kama gari lako lina sensa ya oksijeni, elewa kwamba uvujaji ulio kabla ya hiyo sensa unaweza kunyonya hewa ya nje kati ya mapigo ya moshi, sensa inadhani mafuta hayatoshi, kompyuta inaongeza petroli. Kwa hiyo ukiona gari linakunywa kupita kawaida angalia na huku kabla hujabadilisha plagi na pampu.

Kazi ilipokwisha tulikwenda tena Tukuyu, watu walewale, viti vilevile. Sikuwaambia kitu ila nilikuwa nimeweka kipimo cha kaboni monoksaidi cha betri kwenye dashibodi, kile cha nyumbani, nilimwagiza mtu aliyekuwa anatoka Dar. Isongole ukungu ulikuwepo. Vioo juu, hita imewashwa. Kipimo kikasoma 0 kupanda na kushuka, na nilikuwa nakiangalia kila kona mpaka mke wangu akasema baba angalia barabara. Mtoto alilala kuanzia Uyole. Nilimwamsha mara mbili bila sababu, akanikasirikia, nikafurahi.

Miezi minne baadaye nilifungua nati za miisho, sikuwa na tatizo lolote, nilitaka kuona tu. Chini ya washa, kwenye lile tundu la umbo la jicho, chuma kilikuwa kimesuguliwa kinang'aa, mkwaruzo mfupi wa kwenda na kurudi, upande wa silinda ya kwanza na upande wa silinda ya nne. Nilipima kwa kalipa, ulizidi nusu milimita kidogo kila upande. Nikazifunga kwenye kitambaa zile washa mbili nikampelekea mzee. Alizishika kwenye mwanga wa mlango, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya ule mng'aro, akaenda, akarudi.

"Inatembea," akasema.